Kidonda kipone vizuri, kovu libaki dogo

Jembe limekukata mguu shambani Kasongo. Au bomba la moshi la moto limekuunguza njiani kwenda Kabambare. Mara kila jirani anakuletea dawa yake. Subiri kidogo. Ngozi ina chembe hai ambazo hutambaa kutoka kingo za kidonda mpaka zikutane katikati. Wewe zilinde tu.

Osha kwanza. Tumia sabuni na maji yaliyochemshwa yakapoa, mpaka mchanga wote utoke. Umeungua? Usingoje kuchemsha: mwagia maji safi ya baridi dakika 20. Usipake dawa ya meno wala mawese.

Acha kufungua jelule ya ampisilini na kumwaga unga wake kidondani. Unagandamana na uchafu, na vijidudu vinazoea dawa. Spiriti nayo huunguza chembe changa.

Usikianike kidonda juani ili kiote kigaga kigumu. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha kwa nguruwe kwamba kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevu huota ngozi mpya karibu mara mbili kwa kasi. Kwa hiyo paka vaselini kidogo, funika kwa kitambaa kilichofuliwa na kupigwa pasi, badilisha kila siku.

Sasa homoni, na hapa nisikilize sana wewe unayejipaka krimu za kung'arisha ngozi. Nyingi zina kortikoidi, dawa ya ukoo mmoja na kortizoli, homoni ambayo mwili hutoa ukiwa na mkazo. Ikizidi, chembe zinazofuma kolajeni hulegea. Ngozi inakuwa nyembamba, kidonda kinachelewa kufunga, hata nyuzi za mshono zinaweza kuichana. Soma tyubu: ukiona clobétasol au bétaméthasone, ndiyo hiyo. Kama unangoja sezariene au upasuaji wowote, mwambie munganga mapema. Usione haya. Na kama umeipaka muda mrefu, usiache ghafla bila kumuuliza.

Kula maharage, karanga, samaki, sombe. Lala vya kutosha. Mwenye kisukari afuate dawa zake, maana sukari ikipanda kidonda hakifungi.

Kovu likivimba na kuvuka mpaka wa kidonda, hilo ni keloidi. Sisi Waafrika hulipata zaidi, hasa kati ya miaka 10 na 30, na mimba inaweza kulikuza. Kama liko katika ukoo wenu, achaneni na chale na kutoboa masikio ukubwani. Usilikate kwa wembe, litarudi kubwa zaidi. Daktari anaweza kulichoma sindano ya kortikoidi hiyohiyo, kwa kipimo.

Kidonda kirefu, au kilichoingia udongo, kipeleke kituo cha afya siku ileile, ukaulize chanjo ya pepopunda. Ukiona usaha, homa, au uvimbe wa moto unaoenea, ondoka leo. Usingoje soko lipite.