DAFTARI LILILO WINGUNI

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika makala haya nitawaeleza kuhusu daftari la kampuni za siku hizi, ambalo watu husema liko winguni. Kisha nitawaonyesha jambo moja ambalo daftari hilo haliwezi kuliona lenyewe.

Wingu ni nini?

Wenzangu huniuliza, "Kwani hiyo data inawekwa angani?" La hasha! Wingu ni jina tu. Data huwekwa katika majengo makubwa yaliyojaa tarakilishi, mengi yakiwa ya kampuni kama Amazon, Microsoft na Google. Kampuni nyingine hukodi nafasi humo na kuitumia kwa njia ya intaneti, kama vile mtu anavyokodi chumba badala ya kujenga nyumba. Amazon ilianza kukodisha huduma hizo mwaka wa 2006. Baadaye yakaja majukwaa ya kuchanganua data, kama vile BigQuery ya Google, Snowflake na Power BI ya Microsoft. Lakini fikra yenyewe ni kongwe. Mwaka wa 1958, Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM alikwisha kuandika makala kuhusu mfumo wa maarifa ya biashara.

Jukwaa hufanyaje kazi?

Kwanza, data hukusanywa: kila risiti ya kila duka huingia. Pili, husafishwa. Duka moja likiandikwa "Nakuru" leo na "Nkr" kesho, mashine itadhani ni maduka mawili. Tatu, hujumlishwa na kuchorwa grafu kama zile tunazochora katika Hisabati. Meneja akiwa Mombasa, huona mauzo ya Kisumu baada ya muda mfupi tu.

Mfano wa mikate

Tuseme kampuni ina maduka mawili ya mikate. Duka la kwanza hupelekewa mikate 200 kila siku na kuuza 150. La pili hupelekewa 120 na kuuza yote 120. Grafu itaonyesha mchoro mrefu kwa la kwanza na mfupi kwa la pili. Meneja mwenye haraka atasema, "Hili la pili halina wateja, tulifunge."

Jamani, hebu tutazame vizuri. Duka la kwanza hubakiwa na mikate 50 kila jioni. La pili halibakiwi na hata mmoja. Ikiwa mikate yake huisha saa nne asubuhi, je, waliofika saa tano wakarudi mikono mitupu wameandikwa wapi? Hawakupewa risiti, kwa hivyo hawamo winguni. Jukwaa halikusema uongo. Liliulizwa, "Tumeuza mingapi?" likajibu. Swali lililofaa ni, "Mkate wa mwisho uliuzwa saa ngapi?" Saa imo katika risiti, na jibu lingepatikana mara moja. Bila swali hilo, muuzaji hodari wa duka la pili atapoteza kazi kwa sababu ya kumaliza mikate!

Ulinzi

Daftari la kukodi pia huibwa. Mwaka wa 2024, wezi walitumia nywila zilizoibwa kuingia katika akaunti za wateja kadhaa wa Snowflake. Akaunti hizo hazikuwa zimewekewa uthibitisho wa pili. Hapa Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 humtaka anayekusanya habari za watu azilinde. Kukodi chumba hakumwondolei mpangaji wajibu wa kufunga mlango.

Hitimisho

Mimi nasema hivi: mashine hujibu, mtu huuliza. Kwa hivyo, ewe unayelala wakati wa somo la takwimu ukisema ati halina faida, amka! Na ukienda kazini, muulize pia yule anayesimama dukani, maana yeye huwaona wale wasiopata risiti.

Zoezi

1. Duka la tatu hupelekewa mikate 90 na kuuza yote. Ungeuliza nini kabla ya kuliongezea mikate?
2. Taja habari moja kuhusu kantini ya shule ambayo haimo katika daftari la mauzo.

Kwa hayo machache naweka kalamu chini. Kiswahili kitukuzwe!