Daftari Moja Lililogeuka Mawili

Katika toleo hili ningependa tuache kidogo mambo ya ngeli na mashairi, tuzungumzie kompyuta kwa Kiswahili chetu. Wenzangu wanaosoma Somo la Kompyuta wanajua kwamba mada ya mfumo wa uendeshaji hufundishwa kwa Kiingereza kitupu. Ukishaimaliza unaijua ya mtihani tu. Mimi niliielewa kupitia hesabu za duka, na kwa mfano huohuo nitaieleza.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Mfumo wa uendeshaji ni ile programu kuu inayosimamia kompyuta nzima: nani aingie, faili zikae wapi, na programu ipi iguse nini. Windows ni mfano mmoja. Uchukulie kuwa ni mwenye ploti. Programu nyingine zote, ikiwemo ya kuwekea hesabu, ni wapangaji.

Basi zamani mwenye ploti huyu alikuwa mpole kupita kiasi. Katika Windows XP, iliyotoka mwaka wa 2001, mtu aliyenunua kompyuta ya nyumbani au ya duka kwa kawaida aliingia kama msimamizi, yaani mtu mwenye funguo za vyumba vyote. Walioandika programu wakazoea hali hiyo. Programu nyingi za hesabu za wakati huo ziliweka kumbukumbu zao palepale zilipowekwa zenyewe, ndani ya folda iitwayo Program Files. Ni kama mpangaji anayeweka magunia yake ya mahindi katika ofisi ya mwenye ploti, na hakuna anayemuuliza.

Ubaya ni huu: ikiwa wewe una funguo zote, kirusi kinachoingia kupitia kwako kinazo pia. Windows Vista ilipotolewa kwa umma Januari 2007, sheria ikabadilika. Hata msimamizi mwenyewe alianza kuhesabiwa kama mtu wa kawaida hadi atakapoulizwa, "Je, unakubali?" na kubonyeza ndiyo. Watu wengi walikasirishwa na maswali hayo, lakini mimi naona yalihitajika. Folda ya Program Files nayo ikawa ya kusoma tu kwa programu isiyo na ruhusa maalum.

Sasa yule mpangaji wa zamani afanyeje? Akikatazwa waziwazi, programu itakwama na wenye maduka watapiga kelele. Microsoft ikabuni hila. Programu ya zamani inaposema, "Andika mauzo haya ndani ya Program Files," Windows inaitikia "sawa," halafu inafanya nakala ya faili ile na kuipeleka katika folda iliyofichwa, jina lake VirtualStore. Folda hiyo imo ndani ya makao ya mtumiaji aliyeingia wakati huo. Tangu hapo programu ikiomba faili yake inaonyeshwa ile nakala, nayo haijui kama imehamishwa. Hila hii ipo hata katika Windows 11, kwa programu za biti 32 ambazo hazikuandikwa kwa sheria mpya.

Soma tena hapo niliposema "mtumiaji aliyeingia". Hapo ndipo penye mtego.

Mjomba wangu ana duka la vifaa vya ujenzi: mabati, misumari, simiti, rangi. Kompyuta yake kuukuu ilikuwa ya XP, na kila mtu aliingia kwa jina moja lisilo na neno la siri. Ilipoanza kujizima yenyewe alinunua nyingine yenye Windows 11. Fundi akaihamisha programu ya hesabu pamoja na faili zake, kisha akafanya jambo la maana kabisa: akampa mjomba jina lake la kuingilia, na dada anayekaa kaunta jina lake. Programu ikafunguka bila shida na wote wakafurahi.

Dada huyo huuza Jumatatu hadi Jumamosi, na Jumapili mjomba huuza mwenyewe. Mwisho wa mwezi mjomba akaketi kujumlisha. Lo! Mauzo ya dada hayakuwamo, tangu kompyuta mpya ilipoletwa. Hata wadeni waliochukua mabati kwa mkopo wiki ile hawakuwamo. Mwenye duka atawaza nini hapo? Alisema waziwazi kwamba kuna mtu amefuta ili ale pesa, na mtu mwenyewe ni mmoja tu. Dada akaingia kwa jina lake, akafungua programu, na mauzo yote yakaonekana. Mjomba akasema ameyaandika jana usiku ili kujificha. Kumbe katika daftari la dada yalikosekana mauzo ya Jumapili zote za mjomba, ila yeye hakuthubutu kumwambia mwajiri wake, "Na zako je?"

Kilichotufungua macho ni risiti. Tulipozipanga nakala za karatasi kwa nambari, 4212 ilitokea mara mbili: moja ya Jumapili, ya mjomba, nyingine ya Jumatatu, ya dada. Zilizofuata vilevile. Programu ile haitoi nambari moja mara mbili katika daftari moja. Kwa hivyo daftari hazikuwa moja, zilikuwa mbili, na zote zilianza kuhesabu kutoka pale kompyuta ya zamani ilipoishia. Fundi alipoitwa alifungua folda zilizofichwa, akaikuta VirtualStore ya kila mmoja, na ndani yake faili ya hesabu yenye jina lilelile. Tulijumlisha daftari zote mbili. Pesa za droo na za M-Pesa zikalingana nazo hadi shilingi ya mwisho. Mjomba alimwomba dada msamaha mbele yetu.

Msomaji atauliza, si mashine iunganishe tu faili hizo mbili? Haiwezi, kwa sababu nambari zinagongana: ikiona 4212 mbili haijui ipi ni ya kweli. Tulilichukua daftari la dada kuwa la asili kwa vile lilikuwa refu, kisha mauzo ya Jumapili yakaandikwa upya, mimi nikisoma na dada akipiga chapa. Baada ya hapo fundi alizitoa faili za hesabu ndani ya Program Files, akaziweka katika folda ya pekee ambayo majina yote mawili yanaruhusiwa kuandika. Ruhusa ikiwepo, Windows haina haja ya hila yake.

Kuna njia ya mkato ambayo mafundi wengine huipenda: kuilazimisha programu iendeshwe kwa uwezo wa msimamizi kila mara. Kweli faili haitahamishwa. Lakini dada wa kaunta atahitaji neno la siri la mjomba kila asubuhi, na ile programu kuukuu inapewa tena funguo za ploti nzima. Hapo umenunua mlango wa chuma ukauacha wazi.

Programu za miaka ya themanini na mwanzo wa tisini, zile za biti 16, ni habari nyingine. Hizo haziwaki kabisa katika Windows ya biti 64, na Windows 11 hutolewa kwa biti 64 pekee. Dawa yake ni kutengeneza kompyuta ya kubuni ndani ya kompyuta ya kweli, kwa programu kama VirtualBox, na kuweka mfumo wa zamani humo. Isiunganishwe na intaneti, maana XP iliacha kupata marekebisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014. Wapo wanaotumia DOSBox, lakini hiyo iliundwa kwa ajili ya michezo, nami singeweka madeni ya watu humo.

Usiseme pia kwamba ukinunua programu mpya basi ya zamani itupwe kesho yake. Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka wa 2015 inamtaka mfanyabiashara atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5, na faili isiyoweza kufunguliwa haimsaidii mtu. Mjomba ameanza kuzitoa hesabu za kila mwaka katika faili za maandishi ya kawaida, ambazo programu yoyote inaweza kuzisoma. Mwaka uliopita umekwisha, huu wa nyuma yake tuko mwezi wa Agosti.