Mbwa analia tukiwa shambani: tufanye nini?



Wakati wa kupalilia mpunga, hapa Bwegera jamaa nzima inatoka asubuhi mapema na kurudi jioni. Mbwa anabaki peke yake chini ya mwembe, analia mchana kutwa. Jirani mwenye mgonjwa ao mtoto mchanga anachoka, na siku ingine anaweza kumutupia sumu. Tena kuna hasara ya pili: mbwa akilia kila siku bila sababu, siku mwizi ataingia kweli hakuna mutu atatoka kuangalia.

Mbele ya kumupiga, muulize jirani: anaanza kulia saa gani?

1. Mara tu munapotoka: anaogopa kubaki peke yake. Huyu anahitaji kuzoezwa.

2. Kuanzia saa sita: ni jua, kiu ao njaa. Kivuli cha asubuhi kinahama, lakini kamba haihami. Muangalie kivuli kiko wapi saa nane. Muache kamba ndefu, na maji ndani ya chombo kizito asichoweza kupindua.

3. Watu ao mbuzi wakipita: amefungwa karibu na njia. Mumuhamishe nyuma ya nyumba, ao muzuie macho yake kwa ukuta wa matete.

Namna ya kumuzoeza

Muanze mbele ya kazi nyingi ya shamba kufika. Asubuhi mumutembeze kidogo, kisha mumupe bugali yenye vichwa vya ndagala. Akiwa anakula, mukamate jembe na kutoka bila kumuaga. Murudi nyuma ya dakika 2, akiwa bado kimya. Kesho dakika 5, kisha 10, kisha nusu saa, mpaka nusu siku. Akilia, musirudi mbio na musimupigie kelele: mungojee anyamaze kwanza, ndipo muingie. Kesho yake mupunguze dakika. Mukirudi wakati analia, anajifunza kwamba kulia ndiko kunawarudisha.

Kumupiga jioni kwa makelele ya asubuhi hakusaidii. Yeye hajui anapigwa kwa sababu gani. Anajifunza tu kuogopa kurudi kwenu.

Angalisho

Mbwa akibadilika ghafula, sauti ikakauka, mate yakatoka mengi, akauma bila kuchokozwa, ile siyo upweke. Inaweza kuwa kichaa cha mbwa. Musimukaribie, muite veterineri. Mutu akiumwa, aoshe kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku ile ile, hata kama kidonda ni kidogo. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa mutu, karibu kila mara unaua. Kinga yake ni chanjo ya mbwa kila mwaka.

Kazi ya juma hili: kila mwenye mbwa aende kwa jirani, aulize ile swali la saa. Kwenye mukutano ujao tutasikilizana majibu.