Samaki Anayesumbuliwa Kila Siku

Je, umewahi kuona jiwe likiangukia katika bwawa lenye samaki? Mara samaki hutawanyika na kuzama chini. Maji yakitulia, hurudi tena kutafuta chakula. Hofu kama hii ni ya muda mfupi, nayo humfaa samaki kwa kuwa humwokoa na adui zake.

Lakini samaki atakuwaje akisumbuliwa leo, kesho na kila siku?

Samaki wa maabara

Ili kulijibu swali hili, wataalamu wa sayansi humtumia samaki mdogo aitwaye danio. Urefu wake ni sentimita 4 hivi, na ubavuni ana milia ya buluu. Asili yake ni India, Nepali na Bangladeshi, ambako huishi kwa makundi katika vijito na mashamba ya mpunga. Siku hizi hufugwa katika matangi ya kioo kwenye maabara nyingi duniani.

Jaribio

Mwaka 2011 wataalamu wa Brazili walieleza jaribio la namna hii. Samaki hugawanywa katika makundi mawili. Kundi la kwanza huachwa kwa amani. Kundi la pili husumbuliwa mara mbili kila siku, kwa muda wa siku 7 au 14. Mara hufukuzwa kwa wavu. Mara husongamanishwa katika chombo kidogo. Mara maji hupunguzwa hata mapezi ya mgongoni yakatokeza nje. Usumbufu hubadilishwa ili samaki wasiuzoee.

Matokeo

Samaki aliyeachwa kwa amani akitiwa katika tangi geni, kwanza huzama chini. Baada ya dakika chache hupanda juu na kulichunguza tangi lote. Samaki aliyesumbuliwa kwa siku nyingi huonyesha hofu zaidi, naye hukawia chini. Samaki wa kundi lake hawaogelei tena karibu karibu kama ilivyo desturi yao. Tena, huwa wazito wa kukumbuka waliyojifunza.

Sababu

Samaki anapoogopa, mwili wake hutoa homoni iitwayo kotisoli, ambayo huingia katika damu. Homoni hii huusaidia mwili kupata nguvu za kukabiliana na hatari. Hatari ikipita, kotisoli hupungua. Usumbufu usipokoma, kotisoli huweza kubaki nyingi kwa muda mrefu, nayo huudhuru mwili na ubongo.

Mwili wa binadamu pia hutoa kotisoli. Samaki si mtu, lakini kwa kumchunguza tunajifunza jinsi dhiki ya muda mrefu inavyodhuru viumbe. Kwa kuwa samaki hawa hupata taabu kwa ajili ya elimu yetu, wataalamu hupaswa kutumia samaki wachache iwezekanavyo, na kutowatesa bila sababu.

Kazi ya kufanya

Pamoja na mwalimu wako, watazame samaki katika bwawa au tangi kwa dakika 10. Usiwaguse wala usipige kelele. Andika wanakaa wapi na wanaogeleaje.

Maswali

1. Hofu ya muda mfupi ina faida gani kwa samaki?
2. Kwa nini kundi moja la samaki liliachwa bila kusumbuliwa?
3. Taja dalili tatu za samaki aliyesumbuliwa kwa siku nyingi.
4. Ukifuga samaki, utafanya nini ili wasipate dhiki?