Kipindupindu: Kwa Nini Mgonjwa Anyweshwe Maji?

"Usimpe maji, atazidi kuharisha!" Huenda umewahi kusikia maneno haya nyumbani. Ukiyafuata kwa mgonjwa wa kipindupindu, anaweza kufa katika saa chache tu. Hebu tuone sababu.

Bakteria wa kipindupindu, Vibrio cholerae, huingia mwilini kwa maji au chakula chenye kinyesi cha mgonjwa. Akifika utumbo mwembamba hujishikiza ukutani, lakini haingii ndani ya seli. Anatuma sumu. Mwaka 1959, mwanasayansi S. N. De wa Calcutta, India, alichuja bakteria wote kutoka kwenye mchuzi walimokuzwa. Mchuzi uliobaki bado ulijaza maji utumbo wa sungura!

Sumu hiyo ni protini yenye sehemu mbili. Sehemu B hunata juu ya seli, sehemu A huingia ndani. Humo huikuta protini inayofanya kazi kama swichi: huwaka na kujizima. Sumu huizuia isizimike. Basi, kemikali iitwayo cAMP huongezeka mno na milango ya kloraidi hubaki wazi. Kloraidi humwagika utumboni, sodiamu huifuata, na maji hufuata chumvi. Ni osmosisi ileile ya darasani. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza hadi lita 1 kwa saa.

Lakini upo mlango ambao sumu haiuharibu: ule unaoingiza glukosi na sodiamu kwa pamoja, na maji yakafuata. Hiyo ndiyo siri ya ORS. Ndiyo maana chumvi bila sukari haitoshi. Mwaka 1971, dripu zilipopungua kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, Dk. Dilip Mahalanabis aliwanywesha wagonjwa maji ya namna hii. Vifo vilishuka kutoka asilimia 30 hivi hadi chini ya 4.

Ufanye nini?

- Koroga pakiti ya ORS kama ilivyoandikwa.
- Huna pakiti? Lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko. Vijiko visijae kilima. Chumvi ikizidi ni hatari.
- Mpe kidogo kidogo. Akitapika, subiri dakika 10, uendelee.
- Mpelekeni zahanati upesi, akiendelea kunywa njiani. Aliyezidiwa atahitaji dripu.

Ataendelea kuharisha kwa muda, usishtuke. Unarudisha kile kinachopotea. Na akitokea mtu wa kukukataza, mweleze kwa heshima habari za ule mlango.