Wanapokuwa Wawili: Matumizi ya Both, Either na Neither



Ndugu msomaji, somo letu la Kiingereza leo linahusu maneno matatu: both, either na neither. Yote hutumika tunapozungumzia watu wawili au vitu viwili tu. Ni maneno madogo, lakini kwenye karatasi ya mtihani au katika tafsiri ya hukumu ya dini yanaweza kugeuza maana nzima.

Kiswahili kina umoja na wingi tu. Wakiwa wawili tunasema "wote wawili". Ndiyo maana wengi huandika "all the two" au "none of the two". Kiarabu kina muthanna, na kina maneno kilaa na kiltaa yanayohusu wawili peke yake. Tunalikuta kilaa katika Surat al-Israa, aya ya 23, wanapotajwa wazazi kufikia uzee, mmoja wao au wote wawili. Basi unapoandika Kiingereza jiulize kwanza: ni wawili, au ni zaidi?

1. Both: wote wawili, huyu na yule. Nomino na kitenzi huwa katika wingi: "Both students are fasting." Kabla ya kiwakilishi lazima iwepo of: "both of them", si "both them". Tahadhari kwa wanafunzi wa Kiarabu: katika Surat al-Kahf, aya ya 33, kitenzi kinachofuata kiltaa kiko katika umoja. Usihamishe kanuni hiyo. Kwa Kiingereza hatusemi "both is".

2. Either: mmojawapo kati ya wawili, yeyote. Nomino huwa katika umoja: "Either day is suitable." Ikija of, nomino huwa katika wingi, lakini kitenzi katika maandishi rasmi hubaki katika umoja: "Either of the days is suitable." Mtihani ukisema "Answer either Question 3 or Question 4", jibu moja tu. Ila "on either side of the road" humaanisha pande zote mbili.

3. Neither: si huyu wala yule. Kanuni zake ni kama za either, ila tayari limebeba ukanushi. Usiongeze not. Si "Neither of them did not come", bali "Neither of them came." Ukitaka kutumia not, rudi kwenye either: "I did not see either of them."

Sasa tuone uzito wake. Katika madhehebu ya Shafi, ndoa huhitaji mashahidi wawili. Tuseme umeulizwa kuhusu ndoa ambayo hakuna shahidi hata mmoja aliyehudhuria, nawe ukaandika: "Both witnesses were not present." Msomaji mmoja ataelewa kwamba hawakuwepo kabisa, mwingine ataelewa kwamba hawakutimia wawili, pengine mmoja alikuwepo. Andika "Neither witness was present" na shaka itaondoka. Kama mmoja alikuwepo, andika "Only one of the two witnesses was present."

Wakizidi wawili, maneno haya tunayaweka kando: both huwa all, either huwa any, neither huwa none. Wazazi ni both, makhalifa wanne waongofu ni all. Idi zetu ni mbili, kwa hiyo ni both. Swala za faradhi ni tano kwa siku, kwa hiyo ni all.

Zoezi. Jaza nafasi:
a) ______ of my parents are alive.
b) ______ of the two books is here; someone has borrowed them.
c) You may sit on ______ chair, the two are free.

Majibu: a) Both, b) Neither, c) either.

Mfundishe na mwenzako wa chumbani, kwani elimu huongezeka inapogawanywa. Wabillahi tawfiq.