Dondoo muhimu: Ukitoka Moshi kuvua jodari Tanga

Jodari wa mapezi ya buluu husakwa Atlantiki na Mediterania. Huku Tanga, Mkondo wa Pemba una jodari wa mapezi ya njano, naye atakuchosha mikono vya kutosha. Kutoka Moshi pita Same na Korogwe, kisha kata kushoto Segera.

Upepo wa kusi ukikaza, Juni na Julai, bahari huchafuka. Nahodha mwenyeji ndiye aamue kutoka au kubaki, hata kama umeshalipa. Ukiona ndege wanapiga mbizi, boti isipite katikati ya kundi la samaki. Izunguke pembeni, chambo kipite ukingoni.

La kwanza kabisa ni barafu. Jodari hupata joto mwilini akipambana, kwa hiyo mkate matamvua damu itoke, toa utumbo, mfukie kwenye barafu papo hapo. Akiachwa juani, bakteria hutengeneza histamini, na kupika hakuiondoi: ukimla, uso huwaka, kichwa huuma, ngozi huwasha. Njia ya kurudi inapita kwenye joto kali la tambarare za Same, hivyo kabla ya kuondoka Tanga mwaga maji yaliyoyeyuka na ujaze barafu upya.